Picha ya chakula nyumbani: Kwa nini dirisha hushinda taa ya simu

Katika mtaa wa Awindiri jijini Arua, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mteja wa leo huona chakula kwenye simu kabla ya kukiona mezani. Picha mbaya humkosesha mpishi oda, na vyakula vya asili vya West Nile, ambavyo vingi vina rangi nzito, ndivyo vinavyoumia zaidi. Hata hivyo, kasoro haimo katika chakula. Imo katika nuru inayokiangukia, na nuru nzuri haihitaji kununuliwa.

Mfano ulio wazi ni enyasa, ugali wa Walugbara unaosongwa kwa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi. Mezani huonekana laini, wa rangi ya kahawia, wenye mikunjo iliyoachwa na mwiko. Ukipigwa picha usiku kwa taa ya simu, hugeuka bonge la udongo. Majani ya kunde, yaani osubi, huwa weusi mtupu, na mchuzi wa ufuta hujaa madoa meupe. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji huona heri kuchukua picha ya biriani au kuku wa kukaanga kutoka kwenye intaneti na kuibandika kwenye tangazo lao. Mteja huvutwa na kitu kisichopikwa katika jiko hilo, na chakula cha nyumbani hukosa hata nafasi ya kuonekana.

Taa ya simu hukosea wapi?

Taa ya simu imekaa ubavuni mwa lenzi. Mwanga wake hutoka palepale linapotoka jicho la kamera, hupiga chakula usoni na kusukuma vivuli vyote nyuma yake. Kivuli ndicho kinachoonyesha kwamba kitu kina unene, mkunjo au chembechembe. Kikiondolewa, ugali hubaki bapa kama karatasi. Aidha, mafuta na mchuzi humeta kama kioo na kuurudisha mwanga huo moja kwa moja kwenye lenzi; hapo ndipo yanapozaliwa madoa meupe.

Nuru inayotoka ubavuni hufanya kinyume. Hupita juu ya chakula kwa mshazari, ikaangaza upande mmoja na kuacha upande wa pili katika kivuli chepesi. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, waliosifika kwa picha za mikate, samaki na matunda, mara nyingi walichora vyakula vyao vikiwa vimeangazwa hivyo. Upigaji picha wenyewe ulianza bila balbu: Mwingereza William Henry Fox Talbot alipochapisha picha ya vikapu vya matunda katika kitabu chake kilichotoka kwa sehemu kati ya 1844 na 1846, alitegemea mwanga wa mchana.

Kwa wakazi wa West Nile jambo hili lina uzito wake. Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na, tangu 2012, mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wilayani Zombo, wenye uwezo wa megawati 3.5. Mpishi anayesubiri umeme ndipo apige picha anasubiri taa iliyo duni kuliko dirisha lake.

Jua la Arua na saa zake

Si kila saa ya mchana inafaa. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Arua iko karibu na nyuzi 31. Kwa sababu hiyo jua la Arua huchelewa kwa takriban saa nzima, na hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana, si saa sita. Saa hizo nuru ya nje huanguka wima na kuchora vivuli vikali. Nuru tulivu ya kupiga picha karibu na dirisha au mlango hupatikana kwa urahisi zaidi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kisha kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri.

Upande wa dirisha nao una maana. Arua iko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini hukaa kivulini na kutoa nuru laini. Miezi inayobaki mambo hugeuka, na dirisha la kaskazini ndilo bora. Dirisha likipigwa na jua moja kwa moja, kitambaa chepesi cheupe, kama pazia la wavu, hutosha kuulainisha mwanga.

Nyumba nyingi zina madirisha madogo, lakini mlango uliofunguliwa ni dirisha kubwa. Meza au kigoda kiwekwe ndani, hatua moja kutoka mlangoni, mwanga ukiingia kutoka kushoto au kulia. Kadiri chakula kinavyosogea karibu na mlango, ndivyo vivuli vinavyolainika. Kadiri kinavyorudi ndani, ndivyo vinavyokuwa vikali na picha kuwa na giza. Upande wa pili wa sahani, usioangazwa, isimamishwe karatasi nyeupe au kipande cha boksi kilichofunikwa kwa karatasi hiyo. Nuru itagonga hapo na kurudi, na kivuli kizito kitapungua bila kufutika.

Rangi za jirani huambukiza chakula. Mwanga uliopita katika turubai la buluu hufanya ugali uonekane kama umechacha. Ukuta wa kijani hupaka kijani kwenye wali, na ua wa udongo mwekundu hutia wekundu kwenye kila kitu kilicho mlangoni. Balbu nayo ni vyema izimwe mchana, kwa kuwa rangi yake aghalabu hutofautiana na ya mwanga wa jua, na simu hushindwa kuamua ifuate ipi.

Kupanga sahani

Kamera ya simu hukadiria mwanga kwa kutazama picha nzima. Sahani kubwa nyeupe huidanganya: simu hudhani kuna mwanga mwingi, hupunguza, na ugali uliokuwa kahawia huwa mweusi. Dawa yake ni kugusa chakula chenyewe kwenye kioo cha simu, kisha kuongeza mwangaza kidogo kwa kidole. Chombo cha rangi ya wastani, kama bakuli la udongo, kibuyu au sinia ya ukili, humrahisishia mpishi kazi. Tabaga za rangi zinazosukwa na wanawake wa Kinubi zinapendeza pia, mradi rangi zake zisikizidi chakula nguvu.

Pembe ya kupigia hutegemea umbo la chakula. Sinia lenye vyakula kadhaa vilivyotandazwa, tuseme enyasa, osubi na samaki mkavu wa angara, huonekana vyema kutoka juu kabisa. Vyenye kimo, kama chapati zilizopangwa, kikombe cha chai au bonge la ugali, hupigwa simu ikiwa imeshushwa, kama mtu aliyeketi mezani anavyoviona. Mvuke huonekana pale tu nuru inapotoka nyuma au ubavuni na nyuma ya chakula kukiwa na kitu cheusi.

Haraka ni muhimu. Ugali hufanya ngozi juu na mchuzi hushika utando dakika chache tu baada ya kupakuliwa. Busara ni kupanga kila kitu kwa sahani tupu, kujaribu nuru, kisha kupakua na kupiga mara moja.

Vitu visivyohusika viondolewe. Picha hiyo itatazamwa kwenye kioo kidogo, mara nyingi katika WhatsApp ambayo huibana ili iwe nyepesi. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na tangu Julai mwaka huo vifurushi vya intaneti hutozwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo mteja hatumii data yake kuchunguza picha iliyojaa maua, chupa na vijiko. Sahani moja, kitambaa kimoja na nafasi tupu pembeni huongea zaidi.

Mpaka wa urembo

Kupendezesha kuna mpaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Campbell ya Marekani ilitangaza supu yake kwa picha ambazo ndani ya bakuli zilitiwa gololi za kioo, ili nyama na mboga zisizame bali zionekane tele juu. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliingilia kati, na mwaka 1970 shauri hilo likaisha kwa amri ya kuikataza kampuni kurudia mbinu hiyo. Kanuni yake inamhusu hata muuzaji wa mtaani: kugeuza sahani upande wake mzuri ni halali, na kupaka ugali tone la maji ili ung'ae hakumdhuru mtu, kuonyesha vipande sita vya nyama ilhali mteja atapata viwili ni udanganyifu.

Picha ya kweli ina kazi nyingine pia. Shindano la Wiki Loves Africa lilipoanzishwa mwaka 2014, mada yake ya kwanza ilikuwa mapishi, kwa lengo la kuongeza picha za vyakula vya Afrika zinazoweza kutumiwa bure na watu wote. Kijana wa Arua au Koboko anayetafuta chakula cha bibi yake kwenye intaneti anastahili kukiona jinsi kinavyopakuliwa kwao. Picha hiyo yaweza kupigwa leo mlangoni kwa simu ya kawaida na karatasi nyeupe. Na mteja akifunua kawa akakuta kilekile alichokiona kwenye simu, ataagiza tena.