Namba 12,000 Katika Kiyoyozi: Yapoza Kiasi Gani, Yala Umeme Kiasi Gani?

Mji wa Songea uko kiasi cha meta 1,150 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai wenyeji wake huvaa makoti. Msomaji huenda akashangaa, basi, kwamba kisa cha kiyoyozi ninachotaka kukisimulia kilitokea huko wala si Dar es Salaam. Ilikuwa mwezi wa Novemba, miaka michache kabla ya 2018, mwaka ambao Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako. Siku zile mji ulitegemea sana mitambo ya dizeli, na umeme ulipokatika kila taasisi ilijitegemea kwa jenereta yake.

Shule moja ya sekondari ilikuwa imepata kompyuta 20, na kwa michango ya wazazi ikanunua kiyoyozi kilichoandikwa BTU 12,000 kwa saa. Jenereta ya shule ilikuwa ya kilowati 2. Mwalimu wa fizikia alishikilia kwamba mashine ile yahitaji kilowati 12, hivyo fedha za wazazi zimepotea. Aliyeiuza alisema ni ya farasi moja na nusu tu, na jenereta yatosha. Mimi nilikuwa mgeni wa shule, nikaombwa niamue. Niliamua, nami nikakosea.

Tuanze na kizio chenyewe. BTU moja ni joto linalohitajika kupandisha halijoto ya ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti; ni sawa na jouli 1,055 hivi. Kwa hiyo BTU 12,000 kwa saa ni takriban jouli 12,660,000 katika sekunde 3,600, yaani wati 3,517. Mafundi huita kiasi hiki “tani moja”, jina lililosalia tangu enzi za kupoza kwa barafu: ndicho kiasi cha joto kiwezacho kuyeyusha ratili 2,000 za barafu kwa saa 24.

Mwalimu, basi, alizichukulia BTU kama wati. Lakini hata hizo wati 3,517 si umeme unaotumika. Ni joto linalotolewa chumbani, na kulitoa joto si sawa na kulitengeneza. Mtungi wa maji watufundisha jambo hili: maji kidogo hupenya katika vinyweleo vya udongo, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki. Hakuna aliyelipa chochote. Ndani ya kiyoyozi kimiminiko maalumu huvukizwa katika koili ya chumbani, kikachukua joto; kompresa hukikandamiza kiwe moto kuliko hewa ya nje; katika koili ya nje hulitua joto hilo na kuwa kimiminiko tena, kisha hupitishwa katika tundu jembamba, kanieneo ikashuka, na safari ikaanza upya. Umeme hulipia kazi ya kompresa na feni tu. Ujira wa mchukuzi hauwi sawa na uzito wa gunia.

Mashine ya kawaida huhamisha takriban jouli 3 za joto kwa kila jouli 1 ya umeme. Mwanafunzi wa kidato cha sita aweza kuuliza: kwa nini isiwe 30? Tuseme koili ya ndani ina nyuzi 7 za Selsiasi, yaani kelvini 280, na ya nje nyuzi 47, yaani kelvini 320. Kanuni ya Carnot yatupa kikomo cha 280 kugawa kwa 40, ambacho ni 7. Msuguano na upotevu mwingine hula zaidi ya nusu. Kadiri nje kunavyozidi joto, ndivyo uwiano unavyozidi kushuka.

Sasa 3,517 kugawa kwa 3 ni wati 1,170 hivi. Farasi moja na nusu ni wati 1,119. Kumbe yule mwuzaji alikuwa akitaja umeme, si upozaji, wala hakuwa mbali na ukweli. Kwa volti 230 mkondo ni ampea 5 na kidogo, na jenereta ya kilowati 2 yaweza kutoa ampea 8. Nikawaambia, washeni.

Kompresa ilinguruma mara moja, taa zikafifia, jenereta ikakohoa na kuzimika. Kompyuta zote nazo zikazimika, na kazi ambazo wanafunzi walikuwa hawajazihifadhi zikapotea. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mimi mwenyewe hulifundisha kila mwaka: mota iliyosimama haina volti pinzani, kwa hiyo inapoanza huvuta mkondo mara 5 au 6 ya ule wa kawaida. Kwa nukta chache kompresa ile ilidai ampea 25 au zaidi. Isitoshe, katika mwinuko wa Songea hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 13 kuliko pwani, na injini ndogo isiyo na kisukuma hewa hupungukiwa nguvu.

Umeme wa mji uliporudi kiyoyozi kiliwaka vema, lakini chumba hakikupoa. Hapo ndipo tulipofanya hesabu iliyopasa kutangulia ununuzi. Mtu aliyeketi hutoa wati 100 hivi za joto: wanafunzi 40, kilowati 4. Kompyuta 20 za wati 100, kilowati 2. Bati lisilo na dari, saa sita mchana, tulilikadiria kilowati 3, na nadhani tulilionea huruma. Jumla kilowati 9, takriban BTU 30,700 kwa saa, dhidi ya mashine ya 12,000. Nashangaa mpaka leo jinsi watu wanavyobishana juu ya mashine bila kuuliza habari za bati.

Hawakununua mashine ya pili. Waliweka dari na mapazia, wakagawa darasa makundi mawili, mzigo ukashuka karibu kilowati 4. Jenereta ikaachiwa kompyuta peke yake. Leo kuna viyoyozi vya inveta, ambavyo kompresa yake huanza polepole bila mshtuko ule, na shule yenye jenereta ndogo ingefanya vema kuviulizia.

Walimu wenye kiyoyozi karibu nao wanaweza kufanya jaribio hili. Zimeni vifaa vingine vyote, mwandike uniti za mita ya LUKU, mkiache kiyoyozi kifanye kazi saa nzima, kisha msome tena. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa. Wekeni pia ndoo chini ya bomba linalodondosha maji nje. Kila lita moja inayokusanyika katika saa hiyo ina maana kwamba wastani wa wati 680 za uwezo wa kupoza zimetumika kuugeuza mvuke kuwa maji, wala hazikushusha halijoto ya chumba hata kidogo. Rudieni jaribio wakati wa masika, kisha mwezi wa Septemba, na mlinganishe ndoo hizo mbili.