Hasara Ijadiliwe Kabla ya Mkopo

MFANYABIASHARA mdogo wa nchi hii ukimuuliza kinachomkwamisha, atakujibu kwa neno moja: mtaji. Mwenye duka atasema hivyo, fundi seremala naye hivyo hivyo, na mwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti atakuonyesha hadi nakala ya barua aliyoiandikia benki. Ni wachache watakaokutajia fedha wanazozitupa kila siku kwa mikono yao wenyewe.

Jijini Dar es Salaam kipo kikundi kidogo kilichoamua kuzitafuta fedha hizo. Hukutana Jumamosi jioni nyuma ya karakana moja ya useremala huko Keko, misumeno ikishanyamaza. Wanachama ni tisa, wakiwemo maseremala, mama mwenye cherehani nne za kushonea sare za shule, mfungashaji wa unga wa lishe na mzee mmoja mwoka mikate. Kikundi si vikoba wala upatu. Hapana sanduku lenye kufuli tatu, wala mtu hakopeshwi. Kinachowekwa mezani ni hasara.

Kanuni zao ni tatu tu. Kwanza, kila mwanachama aje na tatizo moja lenye namba, kwa maana kwamba malalamiko matupu hayapokelewi. Pili, aje na mfanyakazi wake mmoja, na huyo ndiye anayeanza kusema. Tatu, ni marufuku kutaja jina la mtu kuwa ndiye chanzo cha tatizo.

Mikate arobaini

Siku safu hii ilipokaribishwa, zamu ilikuwa ya mwoka mikate. Alikuja na daftari la shule lililochakaa, ambamo kwa wiki tatu alikuwa ameandika idadi ya mikate iliyorudishwa na maduka. Kwa wastani ilirudi arobaini katika kila mia nne. Sababu ilikuwa ukungu. Mzee alikuwa ameshabadilisha unga, akabadilisha na hamira, na alikuwa mbioni kukopa ili anunue tanuri jipya.

Akaulizwa kijana wake anayekanda unga. Alitazama kwanza chini, kisha akamtazama mzee.

"Mzee, tunaifunga ikiwa ya moto," alisema. "Inatoa jasho ndani ya mfuko."

Kwa nini wanaifunga ya moto? Kwa sababu bajaji ya kusambaza hufika saa 11 alfajiri, na mikate hutoka tanurini kama robo saa kabla. Kwa nini itoke imechelewa hivyo? Kwa sababu kukanda huanza saa 8 usiku. Kwa nini kusianze saa 6? Hapo kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa saa za kutoka nyumbani daladala zinakuwa zimekwisha, na nauli ya bodaboda hana.

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?" mzee aliuliza.

"Hukuniuliza, mzee."

Watu walicheka, lakini mwoka mikate hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu.

Nasi tuipige, kwa namba tulizozirahisisha. Tuseme mkate unagharimu shilingi 800 kuutengeneza na duka linaununua kwa shilingi 1,000. Mikate 400 ni gharama ya shilingi 320,000. Ikirudi 40, mauzo ni shilingi 360,000 na faida ni 40,000 kwa siku. Ikirudi 10 tu, mauzo ni shilingi 390,000 na faida inapanda kufikia 70,000. Toa nauli ya bodaboda ya vijana wawili, shilingi 3,000 kila mmoja, inabaki 64,000. Ongezeko ni shilingi 24,000 kwa siku, yaani shilingi 624,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Tanuri ni lile lile, na benki haijaguswa.

Msomaji aone jambo moja hapo. Mikate 40 katika 400 ni asilimia 10 ya bidhaa, na wengi husema asilimia 10 si kitu. Lakini ilikuwa ikimla mzee sehemu kubwa ya faida yake, kwa sababu mkate unaorudi haupotezi faida ya shilingi 200 peke yake. Unaondoka pamoja na zile 800 za gharama, na inabidi mikate mingine minne iuzwe vizuri ili kufidia gharama ya huo mmoja.

Chimbuko lake Japani

Utaratibu wanaoutumia watu wa Keko haukubuniwa Keko. Baada ya vita kuu ya pili, bidhaa za Japani zilidharauliwa katika masoko ya nje kwa ubovu. Mwaka 1950 Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani ulimwalika mtaalamu wa takwimu wa Kimarekani, W. Edwards Deming, awafundishe wahandisi na wakuu wa makampuni jinsi ya kudhibiti ubora kwa namba. Mwaka uliofuata ikaanzishwa tuzo yenye jina lake, na mwaka 1954 akafuata Mmarekani mwingine, Joseph Juran, aliyesisitiza kuwa ubora ni kazi ya uongozi mzima, si ya mkaguzi wa mlangoni peke yake.

Elimu hiyo, hata hivyo, ilibaki kwa wakubwa hadi mwaka 1962. Ndipo Kaoru Ishikawa na wenzake walipoanzisha jarida la wasimamizi wa viwandani na kuwahimiza wafanyakazi waunde vikundi vidogo vya kulisoma na kujadili matatizo ya sehemu zao. Kikundi cha kwanza kuandikishwa kilikuwa cha wafanyakazi wa shirika la simu la Japani. Vikundi hivyo vikaenea nchini humo, vikitumia zana nyepesi kama daftari la kuhesabia makosa, mchoro wa Ishikawa unaofanana na mifupa ya samaki, na kuuliza "kwa nini" mara tano, desturi inayohusishwa na kiwanda cha Toyota.

India nayo ilifuata. Shirika la umma la mitambo ya umeme, BHEL, lilianza vikundi vya ubora mjini Hyderabad mwaka 1980, na mwaka 1982 likaundwa baraza la kitaifa la kuviunganisha.

Hapa kwetu njia hiyo ilipitia hospitalini. Mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Japani, ilianza majaribio katika Hospitali ya Rufaa Mbeya. Maneno matano ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi yakapewa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mwaka 2013 wizara inayosimamia viwanda na biashara, ikishirikiana na shirika la misaada la Japani, JICA, ilianza mradi wa kaizen kwa viwanda.

Kwa nini vikundi hufa

Isifikiriwe kuwa ni dawa isiyoshindwa. Wamarekani waliichukua kwa pupa. Kampuni ya ndege na makombora ya Lockheed ilianza vikundi mwaka 1974 baada ya kutuma watu wake Japani, na katika miaka michache makampuni mengi yaliiga. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimekufa au vinakaribia kufa.

Wachambuzi Edward Lawler na Susan Mohrman waliandika juu ya jambo hilo mwaka 1985, na waliyoyaona yanaeleweka hata katika karakana ya watu sita. Mameneja wa kati huona kikundi kinawanyang'anya madaraka, hivyo hukalia mapendekezo. Matatizo mepesi yakishamalizika, kikundi hukosa la kusema. Na likija suala la fedha zilizookolewa, wafanyakazi huanza kuuliza fungu lao liko wapi.

Suala hilo la mwisho limeshafika Keko. Seremala mmoja kijana alieleza kuwa wao ndio waliopendekeza mbao zipimwe na kuchorwa zote kwanza ndipo zikatwe, na vipande vya kutupa vikapungua. Bosi alifurahi, akawanunulia soda. Mwezi uliofuata akaja na pikipiki mpya.

"Sisi tukabaki na soda," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Somo la sangara

Msomaji anayedhani kuwa hayo ni mambo ya karakana ndogo akumbuke yaliyowapata wafanyabiashara wa sangara wa Ziwa Victoria. Mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Kizuizi hicho kiliondolewa katikati ya mwaka 1998. Aprili 1999 kikaja kingine, safari hii kwa sababu ya madai ya samaki kuvuliwa kwa sumu. Viwanda vilivyotegemea soko hilo viliyumba, na pigo likamfikia mchuuzi wa mwaloni ambaye hajawahi kuiona Ulaya.

Kilichofungua mlango si tangazo la magazetini, bali ni kazi ya kuonyesha kwa maandishi nini kinafanyika katika kila hatua kuanzia mwaloni hadi kwenye ndege: barafu iko kiasi gani, maji yamepimwa lini, nani aliyepokea samaki na joto lilikuwa nyuzi ngapi. Kadi hizo hazijazwi na mkurugenzi. Hujazwa na mtu aliyevaa buti za mpira. Mtu huyo akiogopa kuandika namba mbaya, soko zima linajengwa juu ya uongo, na mnunuzi ataugundua siku moja.

Mwenye hisa aulize nini?

Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, wawekezaji wadogo wamezoea kusoma mistari miwili ya hesabu, faida na gawio. Ubora haumo katika mistari hiyo, lakini huonekana humo baadaye. Katika mkutano mkuu, mwenye hisa mia moja ana haki ya kuuliza sawa na mwenye milioni. Na aulize:

Bidhaa zilizorudishwa au kutupwa mwaka huu zina thamani gani, na mwaka jana zilikuwa na thamani gani? Uongozi usiokuwa na jibu haupimi.

Mapendekezo ya wafanyakazi yalikuwa mangapi, na yaliyotekelezwa ni mangapi? Sanduku la maoni lililofungwa kufuli iliyoota kutu si utaratibu.

Fedha zikiokolewa, aliyetoa wazo anapata nini?

Aidha, asiridhishwe na cheti pekee. Alama ya Shirika la Viwango, TBS, huhusu bidhaa yenyewe, kwamba imefikia kiwango. Cheti cha ISO 9001 huhusu mfumo wa uendeshaji wa kampuni. Vyote viwili vina thamani sokoni, na mjasiriamali mdogo anayetaka alama ya TBS anaweza kuanzia SIDO. Lakini vyeti hutundikwa ukutani, na mikate hufungwa saa 11 alfajiri. Kinachounganisha ukuta na saa 11 ni watu wanaoruhusiwa kusema.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wa safu hii ni mfupi. Usianze na semina ya hotelini. Chukua daftari, andika hasara ya aina moja kwa wiki tatu, kisha kaa na wafanyakazi wako saa moja, wao waanze. Jibu kila pendekezo kabla ya wiki kwisha, hata kama jibu ni hapana, na useme sababu. Na kabla hujaokoa shilingi ya kwanza, mkubaliane itagawanywaje.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichowachelewesha watu wa Keko kurudi makwao Jumamosi ile. Seremala mwenye pikipiki alisema mtaji ni wake, na hasara ikija hubaki naye peke yake. Mama wa cherehani alisema yeye hutoa robo ya kilichookolewa kila mwisho wa mwezi, na mafundi wake wameacha kuficha vitambaa vilivyoharibika. Hawakukubaliana. Walipanga suala lirudi wiki ijayo, na seremala akatakiwa aje na namba.

Mwoka mikate hakungoja wiki ijayo. Kabla ya kuondoka alimvuta kijana wake pembeni, akatoa noti za nauli ya usiku ule. Akamwambia waanze saa 6, na kesho yake daftari alishike yeye kijana. Penye wengi hapaharibiki neno, ili mradi mwenye mali akubali kusikiliza.