Kriki Si Nguzo

Ndugu mfanyakazi wa Kilwa, umefupisha ponti ya nyuma ya motokari yako? Angalia: mdomo wa ponti na mkia wa sanduku la vitesi lazima vielekee sambamba. Vikipishana, kardani hutikisika, viungo vyake huisha, nawe utakwama kwenye barabara ya Lubumbashi.

Pembe hizo hupimwa resori zikiwa zimebeba uzito. Basi weka miguu imara ya chuma chini ya ponti yenyewe, zuia magurudumu ya mbele, zima moteri. Usiingie chini kwa kutegemea kriki! Kriki huteleza, kifua kikibanwa, mapafu hayapanuki, na mtu hufa kwa dakika chache.

Mama, usimwache baba peke yake chini ya motokari.