Ibada Mbele ya Kaburi Tupu

Kila askari aliyepita chuoni anakumbuka jinsi alivyolichukia gwaride katika majuma yale ya kwanza. Jua linawaka, miguu imevimba, na mkufunzi anarudia amri ile ile mpaka koo linamkauka. Kuruta hujiuliza ni vita gani hivi vinavyopiganwa kwa kugeuka kushoto na kulia. Jibu hulipata baadaye sana, siku risasi zinapovuma na akili imeganda, akaona mikono yake inafanya kazi bila kungoja ruhusa ya hofu yake.

Tumeanza na gwaride kwa sababu tunataka kusema juu ya ibada, nasi tunajua kwamba wapo miongoni mwetu wanaoiona ibada ya Jumapili kambini kuwa ni gwaride jingine tu. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe, tulipokuwa makadeti, tulikwenda kanisani zaidi kwa kuogopa kuonekana hatupo kuliko kwa kumcha Mungu. Lakini historia ya Uganda imetuachia Jumapili moja ambayo Mkristo yeyote aliyevaa sare yapasa aijue, hata kama kuijua kutamwumiza. Ni Jumapili ya tarehe 20 Februari 1977.

Hatukuwa tumezaliwa siku hiyo. Twasimulia yale yaliyoandikwa na waliokuwapo.

Mwaka ule Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipofika Buganda mwaka 1877. Askofu Mkuu alikuwa Janani Luwum, mzaliwa wa Mucwini katika nchi ya Acholi, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuokoka mwaka 1948 na kuingia katika utumishi. Watu walipokamatwa na kutoweka, yeye alikwenda kuwauliza wakubwa wako wapi. Usiku wa manane, tarehe 5 Februari, askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakatafuta silaha. Hawakuzipata. Maaskofu wakamwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamika, wakatia sahihi zao.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa katika Hoteli ya Nile mjini Kampala. Silaha zilikuwa zimepangwa uwanjani, na mamia ya askari wamekusanyika. Maelezo ya njama yakasomwa, jina la Askofu Mkuu likatajwa humo, naye akatikisa kichwa kukana. Askari wakaulizwa wafanyiwe nini watu hawa, wakapiga kelele kwamba wauawe. Baadaye maaskofu wengine waliambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Asubuhi ya pili serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari, pamoja na mawaziri wawili, Charles Oboth-Ofumbi na Erinayo Oryema. Ndugu zetu wa polisi wanalifahamu vema jina hilo la mwisho: Oryema ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Waliopiga kelele uwanjani walikuwa askari. Walioingia Namirembe usiku walikuwa askari. Na lugha hii ya Kiswahili tunayoiandika kwa furaha ndiyo ambayo Waganda wengi waliizoea katika vizuizi vya barabarani, wakiulizwa kwa ukali watokako na waendako. Mkristo mwenye bunduki hawezi kuisoma habari hii akiwa amekaa upande wa waombolezaji peke yake.

Kaburi la Askofu Mkuu lilikuwa limekwisha kuchimbwa Namirembe, karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Maiti haikuletwa, na serikali ilikataza ibada ya kumkumbuka. Lakini Jumapili ni Jumapili. Hakuna aliyekuwa ameikataza ibada ya asubuhi ya kila juma, basi watu walikuja kwa maelfu kusali kama desturi. Ibada ilipokwisha walitoka wakalizunguka lile shimo tupu. Askofu Mkuu mstaafu, Erica Sabiti, akawakumbusha habari aliyoitoa malaika penye kaburi la Yesu, ya kwamba anayetafutwa hayumo. Wakaimba wimbo unaokumbukwa kuwa ndio walioimba wafia dini.

Tujiulize: ibada ile iliwapa nini? Usalama haikuwapa. Askofu Festo Kivengere, mmoja wa waliofukuzwa pale hotelini, alilazimika kukimbia na mkewe siku hizo hizo, wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Hofu nayo haikuondoka. Tunashuku kila mhubiri anayesema kwamba mwenye imani haogopi. Kwa maoni yetu iliwapa kitu kinachofanana na kile anachopewa askari na gwaride. Watu waliofiwa, waliotishwa na kudanganywa, hawakuhitaji kubuni neno lolote siku ile. Maneno walikuwa nayo tangu utotoni, na wimbo waliujua kwa moyo. Waliposhindwa kufikiri, midomo ilijua njia. Tena, kwa kusimama tu mahali pale waliikataa habari ya ajali, bila bango wala jiwe mkononi.

Tuliona jambo la namna hii, dogo kwa kipimo chake, tulipokuwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu. Kombania ilikuwa imepoteza mtu. Jumapili iliyofuata kasisi alisalisha chini ya turubai, magunia ya mchanga yakiwa ukuta wa kanisa. Sajini mmoja, rafiki wa marehemu, alisimama mstari wa nyuma amefunga mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, hata Baba Yetu hakuisema. Tulidhani amekasirika. Jioni alitueleza kwamba alitaka kusali akashindwa, na kwamba sauti za wenzake zilimsalia yeye mpaka atakapoweza. Juma la pili aliimba, tena vibaya sana, kwa maana hajui kuimba. Wenzetu Waislamu, waliokuwa wakiswali safu kwa safu upande wa pili wa kambi, walituambia wanaelewa kabisa.

Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko nchini Uganda. Wengi wetu huitumia kufua sare na kulala, jambo ambalo si dhambi. Lakini atakayepata nafasi ya kufika Mucwini ataliona kaburi la Luwum, maana huko ndiko askari walikoipeleka maiti yake, mbali na Kampala, ili azikwe upesi. Inasimuliwa kwamba walifika jioni, wakaanza kuchimba, na ardhi ya kiangazi ikawashinda kwa ugumu. Usiku ukawaingilia kazi haijaisha. Basi jeneza likawekwa kanisani mpaka asubuhi.