Bingwa Akishanyakuliwa Wachezaji

Ukikaa kwenye kibanda cha mpira hapa Isiolo siku Gor Mahia wanapofungwa na timu ya mkiani, utasikia sababu moja: wamelewa sifa. Huwa nanyamaza, maana kibandani hakuna anayetaka somo. Lakini bingwa akiyumba msimu unaofuata, mara nyingi kile kikosi kilichobeba kombe hakipo tena.

Chukua mwaka 2018. Gor waliuanza wakiwa mabingwa wa ligi ya Kenya wa 2017. Tarehe 10 Juni, uwanjani Afraha, Nakuru, waliwachapa Simba wa Tanzania 2-0 kwenye fainali ya michuano ya SportPesa, na mshambuliaji wao Meddie Kagere akafunga. Simba hawakurudi nyumbani kununa; walirudi na jina lake. Wiki chache baadaye Kagere alikuwa Msimbazi, makao ya Simba, na msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 23. Godfrey Walusimbi akaenda Kaizer Chiefs. Mwaka 2019 Jacques Tuyisenge akaenda Angola na Francis Kahata akajiunga na Simba. Mwaka 2020 ikawa zamu ya beki Joash Onyango. Simba tena!

Utaniuliza: mbona Gor waliendelea kubeba taji hadi 2020? Kwa maoni yangu, kwa sababu mwanzoni mfuko ulikuwa bado na kitu: akiondoka mmoja, anatafutwa mwingine. SportPesa walipojiondoa katika udhamini mwaka 2019, pengo likaanza kuzibwa kwa maneno. Desemba 2020 CR Belouizdad waliwatandika 6-0 kule Algiers, na msimu huo ubingwa ukaenda kwa Tusker.

Hali hii haiko kwetu tu. Kwenye hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini (mchezo ambao hata Nairobi inao, kwenye uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari) ligi huweka kikomo cha jumla ya mishahara ya kila timu. Chicago Blackhawks walishinda Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, mwaka 2010, mara ya kwanza tangu 1961. Kikomo cha msimu uliofuata kilikuwa dola milioni 59.4, na wachezaji wenye kombe mkononi hawalipwi bei ya jana. Dustin Byfuglien na Andrew Ladd wakapelekwa Atlanta, Kris Versteeg Toronto, na kipa Antti Niemi akaachwa aende zake San Jose. Mabingwa hao walifuzu kwa mtoano siku ya mwisho kabisa ya msimu, tena kwa sababu Dallas walipoteza mechi yao, kisha wakatolewa na Vancouver raundi ya kwanza. Kule kanuni ndiyo inayombomoa bingwa. Huku ni ukata.

Halafu kuna miguu. Bingwa hucheza mechi nyingi kuliko wenzake. Mwaka 2018 Gor walikuwa na ligi na makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, kisha msimu wa 2018-19 ukaanza Desemba, miezi miwili hivi tu baada ya ule wa 2018 kwisha. Misuli ya nyuma ya paja isiyopumzishwa haichaniki siku ya kwanza. Kwanza winga anachelewa hatua moja dakika za mwisho, na jukwaa linasema hajitumi.

Hata kombe la mtaa lina msimu wake wa pili. Timu ya Bulla Pesa hapa Isiolo ikishinda leo, mwakani utakuta mshambuliaji amechukuliwa na shule ya bweni iliyoahidi kumsamehe karo, kipa ameingia jeshini, na kocha yuko na watoto wa miaka 15 wanaoitwa mabingwa. Wapinzani nao wamejaza watu nyuma kuanzia filimbi ya kwanza, kwa sababu sare na bingwa sasa ni habari.

Bingwa aliyebomolewa anaweza kurudi: Chicago walibaki na Jonathan Toews, Patrick Kane na Duncan Keith, wakawajazia wengine pembeni taratibu, na mwaka 2013 kombe likarudi. Huku kwetu mkataba wa mchezaji mara nyingi ni wa mwaka mmoja au miwili. Ukiisha, mfungaji wako anaondoka bure, na klabu haipati hata pesa ya kumtafuta mwingine.