Alama Zinazotaja Maana: Tangazo la Upepo wa Ziwa Nyasa katika Ukurasa wa Tovuti

Ziwa Nyasa limelala kaskazini hadi kusini, na urefu wake wapata kilomita 560 hivi, ilhali upana wake ni mdogo sana ukilinganishwa na urefu huo. Kwa sababu ya umbo hilo, upepo wa kusini-mashariki, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, huwa na nafasi ndefu ya kuyasukuma maji kabla ya kufika Kyela. Wimbi hukua kadiri linavyosafiri chini ya upepo. Kwa hiyo mawimbi yapasukayo katika mchanga wa Matema huenda yalianza mbali sana, mahali ambapo mvuvi wa Matema hawezi kupaona. Wavuvi wa usipa, ambao hutoka jioni na kuvua usiku kwa taa, wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa na mtu. Wanachohitaji ni kupata habari mapema, na siku hizi habari aghalabu hufika kwa simu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa habari za hatari kwa ngazi, na kila ngazi ina jina na rangi yake: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa ni nyekundu. Na ichukuliwe sasa kwamba wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya Kyela wanataka kulinakili tangazo la namna hiyo katika tovuti ya shule, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, ili jamaa zao walioko ufukweni walisome. Kazi yaonekana nyepesi. Kumbe ndani yake limo swali ambalo waandishi wa kurasa wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 30: je, alama zinazowekwa katika maandishi zitaje kitu ni nini, ama zitaje kitu hicho kionekane vipi?

Chanzo cha mabishano

Kila ukurasa wa tovuti ni maandishi ya kawaida yaliyochanganywa na alama za lugha iitwayo HTML. Kivinjari, yaani programu inayoufungua ukurasa katika simu au kompyuta, huzisoma alama hizo na kuupanga ukurasa kwa kuzifuata. Lugha hiyo ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee katika maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva. Pendekezo lake la kwanza ni la mwaka 1989, na kufikia mwaka 1991 kazi yake ilikuwa imetangazwa hadharani. Wataalamu wa CERN walikuwa na kompyuta za aina nyingi zisizopatana. Hapana budi, basi, alama ziseme tu kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha, na kila kompyuta iachiwe kuonyesha kwa namna inavyoweza.

Biashara ilipoingia, mambo yaligeuka. Netscape, kilichotoka mwaka 1994, na Internet Explorer, kilichofuata mwaka 1995, vilishindana kwa kuongeza alama za mapambo. Kimoja kilileta alama ya kuyafanya maneno yawakewake kama taa mbovu. Kingine kikaleta ya kuyafanya yatambae kutoka upande hadi upande. Ni vigumu kumtaja msomaji aliyefaidika. Alama ya font, inayotaja ukubwa na rangi ya herufi, ilikubaliwa rasmi katika toleo la HTML 3.2 mwezi Januari 1997. Desemba ya mwaka huohuo toleo la 4.0 lilishauri iachwe. Mapambo yalikuwa yamekwisha kupewa lugha yao wenyewe, CSS, iliyopendekezwa na Mnorwe Håkon Wium Lie mwezi Oktoba 1994. Hivyo maana ikakaa mahali pake, na sura ikakaa mahali pengine.

Tangazo lenyewe

Mwanafunzi asiyelijua jambo hili ataandika neno TAHADHARI kwa herufi kubwa nene na kulipaka rangi ya chungwa. Jicho litaridhika. Lakini kwa mashine neno hilo halina tofauti na neno lingine lolote. Mtu asiyeona hutumia programu inayousoma ukurasa kwa sauti, mathalani NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na inayotolewa bure. Programu hiyo humwezesha kuruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, kama vile mwenye macho anavyopitisha jicho gazetini. Pasipokuwa na alama ya h1 au h2, hakuna kichwa cha kurukia, na tangazo la hatari litasubiri zamu yake nyuma ya historia ya shule na salamu za mkuu wa shule. Rangi nayo haisomeki kwa sauti. Kwa hiyo jina la ngazi ya hatari liandikwe kwa maneno, na rangi iwe nyongeza.

Jedwali la upepo lina taabu yake. Safu moja ni ya siku, ya pili ni ya kasi ya upepo, ya tatu ni ya kimo cha mawimbi. Visanduku vya juu visipopewa alama ya th, yaani kichwa cha safu, msikilizaji aweza kusikia "arobaini, mbili" bila ya kujua arobaini ni nini. Vikipewa alama hiyo, programu huweza kutaja jina la safu kabla ya tarakimu, naye akajua kwamba arobaini ni kilomita kwa saa na mbili ni mita.

Mfano ulio bora kuliko yote, hata hivyo, ni wa saa. Wanafunzi wameandika kwamba upepo utaanza "saa 12 jioni". Kila mtu wa Kyela anajua kwamba hapo jua linatua na mitumbwi inaingia majini. Mashine iliyoundwa kwa desturi ya Kizungu, ikikutana na tarakimu 12, itadhani ni adhuhuri au usiku wa manane. Kosa ni la saa sita, mbele au nyuma. HTML5, iliyopitishwa mwezi Oktoba 2014, ina alama ya time kwa haja kama hii. Maandishi yaonekanayo hubaki "saa 12 jioni", na ndani ya alama huandikwa datetime="18:00". Msomaji apata saa yake ya Kiswahili, na programu ya kalenda yapata saa inayoielewa. Rangi au unene wa herufi, hata ungetumiwa kwa ustadi gani, usingeweza kufanya kazi hiyo.

Lugha mbili katika ukurasa mmoja

Sehemu ya Kiswahili ya tangazo hupewa alama lang="sw". Isipopewa, programu ya kusoma kwa sauti iliyowekwa katika Kiingereza itayatamka maneno kama pale, pole na Same kwa Kiingereza, na sentensi nzima itageuka kelele. Kinyakyusa nacho kina alama yake katika orodha ya kimataifa: nyy, ambayo inahusu pia Kingonde kinachosemwa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga.

Kinyakyusa kina irabu saba, na wanaoziandika zote hutumia pia herufi ɨ na ʉ, zenye mstari katikati. Katika mpango wa UTF-8 kila moja ya herufi hizi huhifadhiwa kwa baiti mbili. Ukurasa usipotangaza kwamba umeandikwa kwa UTF-8, kivinjari chaweza kuzisoma baiti hizo kwa mpango wa zamani wa Ulaya Magharibi, na badala ya ɨ yakatokea É¨, na badala ya ʉ yakatokea Ê‰. Tangazo la charset="utf-8" mwanzoni mwa ukurasa huliondoa kosa hilo. Simu isiyo na umbo la herufi hizo katika mkusanyo wake itaonyesha kisanduku kitupu hata hivyo, na hili haligunduliki ila kwa kujaribu.

Kujaribu

Hapa ndipo wengi hukosea. Huufungua ukurasa katika Chrome, kisha katika Edge, wakasema wamejaribu mara mbili. Tangu Januari 2020 Edge hutumia injini ileile ya Chrome, kwa hiyo jaribio ni moja. Firefox ina injini yake, na Safari ina yake. Hizo ndizo tofauti za kweli. Opera Mini, kilichoenea duniani kuanzia mwaka 2006, hufuata njia nyingine kabisa: katika hali yake ya kubana data, ukurasa hupangwa kwanza na kompyuta za mbali, kisha hutumwa kwenye simu ukiwa umebanwa ili ule data kidogo. Kwa mtu anayenunua kifurushi kidogo faida yake ni dhahiri. Lakini programu ndogo zilizomo ndani ya ukurasa hazifanyi kazi zote, na tangazo lililofichwa chini ya kitufe kinachofunguliwa kwa programu hizo laweza kubaki limefichwa.

Jaribio jingine halihitaji mtambo. Ukurasa upelekwe ufukweni saa sita mchana na usomwe juani. Miongozo ya kimataifa ya WCAG inataka mwangaza wa herufi za kawaida na ule wa nyuma yake utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Rangi ya kijivu iitwayo #777777 juu ya nyeupe inapata 4.48, yaani inashindwa kwa unywele. #767676 inapata 4.54 na kufaulu. Darasani jicho halioni tofauti baina ya kijivu hizi mbili, na uwiano huo ni kipimo cha chini tu, kilichokokotolewa bila kuhesabu mng'ao wa jua. Kwa tangazo la hatari, nyeusi juu ya nyeupe, yenye uwiano wa 21 kwa 1, ndiyo yenye akili.

Baada ya hapo mapambo yote ya CSS yazimwe, na mwanafunzi mmoja awasomee wenzake kwa sauti kile kilichobaki, kuanzia juu hadi chini, huku wao wakiwa wameyapa kisogo maandishi. Wakiweza kueleza ngazi ya hatari, siku, kasi ya upepo, na kwamba saa 12 ni ile ya jioni, ukurasa uko tayari kupelekwa Matema.