Mizigo ya ndege: Jinsi kilo 46 zinavyoweza kumgharimu msafiri

ABIRIA wa Homa Bay aendaye ng'ambo kupitia Kisumu husafiri kwanza kwa gari, akipitia Kendu Bay na Katito, ndipo mzigo wake upimwe. Asiye na pesa za ziada hulazimika kuwaachia sehemu ya mzigo huo jamaa waliomsindikiza.

Baadhi ya mashirika hujumlisha uzani wa mizigo yote. Mengine, hasa katika safari za Marekani, huhesabu mabegi, na kila begi huwa na kikomo chake, kwa kawaida kilo 23 kwa daraja la kawaida. Hivyo, aliyeruhusiwa mabegi mawili akifika na la kilo 28 na la kilo 18 hulipia lile zito, ingawa jumla ni kilo 46 zile zile. Kuhamisha kilo 5 za omena kungemwokoa, na kazi hiyo hufaa kufanyiwa nyumbani, si mbele ya foleni.

Begi linalozidi kilo 32 hukataliwa na mashirika mengi hata mwenyewe akiwa tayari kulipa. Kikomo hicho hulinda migongo ya wapakiaji.

Mtego mkubwa zaidi ni tiketi mbili. Anayenunua ya Kisumu hadi Nairobi kando na ile ya ng'ambo hubanwa na masharti ya kila moja, na tiketi za bei ya chini kabisa za humu nchini huenda zisiruhusu ila mkoba wa mkononi wa kilo 7. Tiketi moja ya safari nzima kwa kawaida huwa na kiwango kimoja tangu Kisumu. Vinginevyo, nafasi ya ziada hununuliwa mapema mtandaoni, ambako mara nyingi bei ni nafuu kuliko uwanjani.